Simu za Kiingereza Tupu

Soko la Kolwezi siku ya Jumamosi halimwachii mtu heshima yake. Laurentine, mshonaji, alikuwa amevaa liputa la njano alilolishona mwenyewe, likambana mahali panapostahili kubanwa. Aliinama juu ya turubai la vitabu vya mitumba, akashika kitabu cha Kiingereza. Upande wa pili kilikuwa kimeshikwa na mwanaume mwenye mabuti ya mgodini.

"Achilia, tata. Mi njo nilikiona wa kwanza."

"Mama, kuona na kushika haiko kintu kimoja."

"Kingereza utafanya nayo nini?"

"Bachefu ku mugodi banaongea ile tu. Na weye?"

"Naendaka kutafuta bilamba bya kushona Zambia. Nimechoka kusemesha batu na mikono, sawa bubu."

Wakakichukua pamoja. Mechack alikuwa fundi wa malori, hana mke. Laurentine mjane, nyumba yake kimya. Kila jioni wakawa wanachanganya borrow na lend, kukopa na kukopesha, hata siku moja mdomo ukakopa kwa mdomo. Nani alikopesha, majirani msiulize.

Kisha Mechack akapelekwa mgodi wa mbali, upande wa Lubudi. Wakaapa: kwenye simu, Kiingereza tupu, wasije wakasahau. Wapumbavu wawili!

"How are you, sheri?"

"I am fine, thank you."

Kitabu hakikuwa na jibu lingine. Hata malaria ilipomwangusha, Laurentine alijibu hivyohivyo, meno yakigongana, akingoja Mechack ausikie ugonjwa katika sauti yake. Mechack akauliza swali lililofuata kitabuni, kwa Kiingereza safi, kama jikoni kwake kuna meza.

Laurentine alizima simu, akageukia ukuta. Basi hapendwi. Jioni zikawa ndefu, hata mende wakachoka kumtembelea.

Jumapili mlango ukagongwa. Mechack, mwekundu kwa vumbi la barabara. Nyuma yake jirani Godelieve, ambaye husikia kila simu kupitia dirishani, na sufuria ya supu.

"Mwanamuke anatetemeka hapa, weye unamuulizia meza!" Godelieve akaweka supu, akatoka, ila si mbali na dirisha.

"Simu yako ilikufa, nikapanda lori," Mechack akasema. "Juu ya nini haukuniambia, mupenzi?"

"Nilizania utasikia."

"Nilisikia fine. Nikazania umenichoka, unanijibu sawa polisi wa bariyeri ya barabara."

Laurentine akamtazama. Kiswahili kikamtoka chenyewe.

"Mi niko mubaya, Mechack. Niko mugonjwa, na niko peke yangu. Hii nyumba inakuwaka kubwa sana mangaribi."

Mechack alivua mabuti, akayapanga ndani, kando ya mlango, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwenu, nani atapokea mahari?"

"Tata mudogo. Wa Kasaji."

"Treni ya Kasaji inapita siku gani?"

Laurentine akacheka, homa na yote. "Siku yenye inataka."

"Basi tutaingojea, bote babili."