Immakulata Achagua Televisheni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Immakulata alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akampelekea bibi yake uji. Bibi Mpawenimana alikuwa ameamka zamani. Alikaa sakafuni juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani, akisali rozari. "Mwakeye," alimwamkia mjukuu wake kwa Kiha. Immakulata alipiga goti kidogo, akaitikia, akampa kikombe kwa mikono miwili.

Ukuta ule ndio uliokuwa kiti cha bibi. Viti vya sebuleni vilimuumiza mgongo, na miguu yake haikuweza tena kupanda kilima cha kanisani. Kwa hiyo kila Jumapili alifuata Misa kwenye televisheni ya nyumbani, moja ya zile za chogo, nene kwa nyuma kama mzinga wa nyuki. Siku moja ya mvua televisheni hiyo ilitoa moshi, ikazima. Fundi kutoka Kumsenga aliifungua, akaifunga, akasema vipuri vyake havipatikani siku hizi. Tangu hapo bibi aliimba nyimbo za Misa peke yake, na aliposahau maneno alinyamaza.

Baada ya kuuza maharage, baba na mama yake Immakulata walikubaliana kununua televisheni mpya. Jioni ile, wakila ugali wa muhogo, walijiuliza wanunue ya aina gani. Immakulata alikuwa darasa la sita, na hakupenda swali lipite bila yeye kulijibu. Shuleni alikaa dawati moja na Nurudini, mtoto wa bwana shamba aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tanga. Nyumbani kwa akina Nurudini kulikuwa na televisheni kubwa, naye aliisimulia kila siku. Basi Immakulata akaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba kuna LED, kuna QLED na kuna OLED. LED imepitwa na wakati, alisema. Mtu mwenye akili hununua QLED.

Baba yake, mzee Longinus, aliuliza zinatofautiana katika nini hasa. Immakulata alijibu kwamba ni mambo ya teknolojia, akainamia sahani yake. Mama yake, Josepha, alimtazama kwa fahari. Yeye mwenyewe alikuwa akijifunza kusoma katika darasa la jioni pale parokiani, na alijua uzito wa maneno mageni. Akasema Jumamosi wataenda Kasulu, ambako maduka ni mengi, na Immakulata ndiye atakayechagua. Immakulata alifurahi, lakini alimaliza kula haraka kabla baba hajauliza tena.

Jumamosi mama na binti walipanda basi la asubuhi, baba akabaki na bibi. Duka walilofika lilikuwa karibu na soko. Ndani kulikuwa na giza kidogo kwa sababu ya pazia zito mlangoni, na ukutani televisheni ziliwaka safu nzima. Zote zilionyesha picha zile zile: samaki wa rangi, maua, matone ya maji. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu aitwaye Asia, aliwakaribisha. Immakulata alimpa shikamoo, kisha macho yake yakatua kwenye QLED iliyokuwa katikati. Samaki wake walikuwa wekundu kama pilipili mbivu.

"Ile," alisema.

Mama Josepha hakuuliza zaidi. Alianza kufungua fundo la kanga alimohifadhi fedha. Asia alimwuliza Immakulata, bila ubaya wowote, kwa nini amechagua ile. "Mwambie, mwanangu," alisema mama yake. "Wewe ndiye unayejua."

Wakati huo huo kijana mpakiaji aliingia na godoro kichwani, na Immakulata akasogea pembeni kumpisha. Alipoinua macho kutoka pale pembeni, alishangaa. Wale samaki wekundu walikuwa wamepauka. Maji yamekuwa ya kijivu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Alirudi katikati, wekundu ukarudi. Akaenda pembeni tena, ukaondoka.

Akamkumbuka bibi. Bibi hakai mbele ya televisheni. Hukaa ubavuni, kwenye ukuta wake, na hatahama.

Hakuna mwingine aliyeona. Angenyamaza, angebaki mtaalamu wa nyumba nzima, na Jumatatu angemweleza Nurudini kwamba wao pia wana QLED. Mama yake alikuwa amekwisha kulegeza fundo. Immakulata aliomba kimoyomoyo, maneno machache tu, kwamba Mungu ampe ulimi.

"Mama, ngoja," alisema. "Mimi sijui. Yale yote nilimsikia Nurudini. Sijui hata QLED ni nini."

Mpakiaji alitua godoro, akacheka. "Fundi kastaafu mapema," alisema.

Mama Josepha alimtazama binti yake. Kisha akakaza tena fundo la kanga, akamgeukia mwenye duka. "Dada, umesikia. Hapa hatujui sote wawili. Tueleze kama watoto wa chekechea."

Asia hakuwacheka. Aliwaambia kwamba LED na QLED ni ndugu: zote zina taa nyuma ya kioo, na taa hizo ndizo zinazoangaza picha. QLED imeongezewa utando unaokoleza rangi. OLED ni tofauti, maana haina taa nyuma. Kila kijidoa cha picha huwaka na kuzimika chenyewe, ndiyo maana weusi wake ni mweusi kweli. Lakini ni ghali sana, na dukani kwake haikuwemo. Akaongeza kwamba hata televisheni za jina moja hazifanani. Kioo kimoja huonekana vizuri ukikaa ubavuni, kingine hupauka, na jina lililoandikwa kwenye boksi halikuambii hilo.

"Basi tuone kwa macho," alisema Mama Josepha.

Akamwomba Asia aondoe ile filamu ya samaki na kuweka stesheni ya kawaida kutoka kwenye king'amuzi, kwa kuwa kwao hakuna atakayetazama samaki. Zote zikaonyesha taarifa ya habari. Mara ule uzuri ukapungua, na tofauti ya televisheni moja na nyingine ikawa ndogo kuliko mwanzo.

Kisha akaomba pazia la mlango lifunguliwe. Asia alisita, akasema mwanga utaharibu picha. Mama Josepha alimweleza kwamba nyumbani kwao hawafungi mlango televisheni ikiwaka. Ukiufunga, jirani anayepita ataona umemnyima, na atasema hivyo bombani. Pazia likafunguliwa. Kioo cha ile QLED kilikuwa kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na mtangazaji wa habari akaonekana amejifunga kilemba cha Mama Josepha. Mpakiaji alicheka tena, na safari hii Immakulata naye alicheka.

Jambo la mwisho ndilo lililowafanya wateja wengine wageuke. Mama Josepha alitandika kitenge sakafuni, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa ubavuni kama anavyokaa mama mkwe wake, akanyoosha miguu. Akamwita Immakulata akae karibu naye. Kutoka pale chini walizitazama televisheni moja baada ya nyingine. Ile QLED ilikuwa imepauka kabisa. Mwishoni mwa safu kulikuwa na LED ya kawaida, ambayo kioo chake hakikung'aa. Rangi zake zilikuwa za kiasi, lakini uso wa mtangazaji ulionekana wazi, kope na yote.

"Unaonaje?" aliuliza mama.

Immakulata hakuharakisha. Alisimama, akaenda ubavu wa pili, akakaa, akatazama. Akasoma nyuma ya televisheni ili ajue inakula umeme kiasi gani, akaona inakula kidogo kuliko ile ya katikati. "Naona hii," alisema. "Lakini na wewe tazama upande huu." Mama akahama, akatazama, akakubali.

Jumapili iliyofuata mlango wa akina Immakulata ulikuwa wazi. Majirani walikaa popote walipopata nafasi, wengine kizingitini. Bibi Mpawenimana alikuwa kwenye mkeka wake, ukutani, ubavuni mwa televisheni mpya. Misa ilipoanza alimwona padre, akaiona na mishumaa. "Imana," alinong'ona, akimshukuru Mungu kwa lugha yake. Waimbaji walipoanza, aliimba nao hadi mwisho bila kukwama.

Misa ilipokwisha, jirani yao Dorcas alimsifu Immakulata. Alisema faida ya kusomesha watoto ni hii, mtoto anaingia dukani na anajua cha kuchukua.

Immakulata aliona haya. "Sikujua, mama," alisema. "Nilichagua nyingine, ambayo bibi asingeiona vizuri. Mama yangu ndiye aliyekaa sakafuni tukapima."

Dorcas alicheka, akasema hilo la kukaa sakafuni dukani angelipa hata kiingilio kulitazama. Lakini Mama Josepha hakucheka. Alimvuta binti yake karibu.

"Kutojua si kosa, mwanangu," alisema. "Kule darasani kwetu jioni, watu wenye mvi husimama na kusema, mwalimu, hapo sijaelewa, na mwalimu hurudia. Anayejifanya ameelewa, somo humpita. Na ukimshauri mwenzako kwa ujuzi usio nao, hasara humpata yeye. Uliposema hujui, palepale dukani, mbele ya watu, ndipo wote wawili tulipoanza kujifunza. Fanya hivyo shuleni, fanya hivyo ukiwa mtu mzima."

Immakulata aliitikia. Kwenye televisheni kilikuwa kimeanza kipindi cha kilimo, na bibi alipiga mkeka kwa kiganja, akimwita mjukuu wake aje akae.