Mchumba Wangu Aliniandika Kwenye Mali Zake

Nilikuta jina langu kwenye orodha ya mali za mchumba wangu.

Sitanii!

Zilibaki siku tisa tufunge ndoa. Gaudence, mfanyabiashara wa mahindi anayejulikana Songea nzima, aliniomba ninyooshe hesabu zake azipeleke benki akakope. Mimi ni mhasibu. Nikafungua ukurasa wa mali za muda mfupi, yaani fedha na vitu vinavyoweza kugeuka fedha ndani ya mwaka.

Taslimu: 12,640,000.

Mahindi ghalani: 70,000,000.

Mdaiwa, Lidwina: 45,000,000. Atalipa wiki mbili baada ya harusi.

Nikasoma mara tatu. Sijawahi kukopa kwake hata elfu kumi...

"Gaudence, hii arobaini na tano ni ya nini?"

Akacheka. "Si ile nyumba yako ya kule Lizaboni? Tukishaoana tunaiuza. Shangazi yako ameshakubali."

Nyumba aliyoniachia baba! Hati ina jina langu, siyo la shangazi.

Nikampigia shangazi Walburga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na usianze! Mwanaume ana maghala mawili, wewe unalilia vyumba vinne?"

"Ndani ya maghala kuna nini?"

"Mahindi! Ulitaka kuwe na dhahabu?"

Maneno huwa siyaandiki kwenye hesabu. Kesho yake nilikwenda ghalani na bambo, kile chuma cha kuchoma gunia kuona kilichomo. Nilichoma magunia kumi. Matatu yalitoa mahindi. Saba yalitoa vumbi la dumuzi, wale wadudu wanaokula nafaka.

Sasa nifuateni, hesabu ni nyepesi. Kwa kipimo hicho, mahindi mazima ni ya milioni ishirini na moja. Ongeza taslimu, unapata thelathini na tatu na ushee. Wakulima wa Maposeni wanamdai sitini, mwisho Novemba.

Hazitoshi! Ukiniongeza mimi, zinatosha.

Jumapili mchana kulikuwa na kikao cha mwisho cha kamati ya harusi. Watu thelathini, Gaudence akiwemo, soda mezani. Nikasimama.

"Siolewi."

Nikaeleza habari ya nyumba, magunia na deni la wakulima. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, akapiga meza.

"Kaa chini! Unapima mapenzi kwa kalkuleta?"

"Mapenzi sipimi, shangazi. Naitetea nyumba yangu."

"Utazeekea humo peke yako!" Gaudence akafoka.

"Nitazeeka nikiwa na paa."

Mzee Baltazar, jirani yetu, akanitazama kwa huruma. "Binti, watu tumeshachanga. Usituaibishe."

"Mmechanga kiasi gani, mzee?"

Shangazi akafungua daftari kwa mbwembwe. "Milioni kumi na mbili, laki sita na elfu arobaini! Zote ziko kwa bwana harusi, kwenye simu yake."

Nikautazama ule ukurasa wa mali niliokuja nao...

Kusema kweli hili sikuwa nalijua. Lakini tarakimu ile nilikuwa nayo mkononi! Nikampa mzee Baltazar karatasi.

"Mzee, soma kwa sauti. Hapo penye taslimu."

Akavaa miwani. "Milioni kumi na mbili... laki sita... elfu arobaini." Akavua miwani. "Gaudence, hela ya biashara yako ndiyo michango yetu?"

"Ni mpangilio wa karatasi tu, mzee..."

"Basi lipia ukumbi sasa hivi," shangazi akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Toa simu!"

Akatoa. Shangazi akamsimamia begani hadi salio likatokea.

Shilingi 41,300.

Nyie! Mwanamke aliyekuwa akinifokea ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkamata kola.

"Laki tano zangu, Gaudence! Laki tano!"

Soda zikamwagika. Kamati ikageuka kamati ya madai.

Leo nyumba ya Lizaboni ni yangu bado. Shangazi hanisemeshi, kwa sababu eti nilipaswa kumwambia mapema. Wako wanaosema nina moyo wa jiwe. Waseme! Hakuna hata mmoja wao aliyejitolea kuuza nyumba yake.

Dada zangu, mtu akijisifu kwako kwa mali, usihesabu maghala. Muulize swali moja tu: ukidaiwa leo mchana, utalipa na nini?

Akijibu kwa kukutazama wewe, chukua mkoba wako uondoke.