Barua Tatu za Mzee Mutale

Ndugu zangu wa mtaa, na hasa ninyi mnaoshinda mbele ya kompyuta, kaeni kidogo mnisikilize. Jambo hili lilitokea Naviundu, hapa Lubumbashi, katika nyumba ya Donat Bwalya, nyumba ambayo majirani waliisifu kwa utulivu wake.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mama Germaine alikuwa ameweka bukari, ule ugali wetu, mezani, bado inatoa mvuke, na pembeni sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Binti yao Keren, mwalimu wa watoto wadogo, alimmiminia baba yake maji ya kunawa. Donat akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya. Kabla halijafika mdomoni, simu ikalia: ting!

Tonge likarudi sahanini.

"Baba Keren, leo ni Dimanche," Germaine akasema.

"Mail haijue Dimanche," Donat akajibu, na kidole chenye sombe kikaanza kuchafua kioo cha simu.

"Inasema nini?"

"Siyasoma bado. Ninajibu kwanza."

Hapo ndipo ugonjwa ulipolala. Donat alikuwa chef de service, mkuu wa idara, kwa miaka kumi na minane katika kampuni moja ya malori yanayobeba mizigo kutoka mpakani Kasumbalesa. Barua pepe zote zilimwangukia katika rundo moja: za wateja, za madereva, hata matangazo ya choo kilichoziba. Hakujua kuzitenga. Akitaka barua ya juzi, alisukuma orodha kwa kidole gumba mpaka kidole kikafa ganzi. Zile alizoziwahi alizijibu "Bien reçu, merci", na kila mara alibonyeza kile kitufe cha kuwajibu wote, ili watu mia moja na arobaini wajue kwamba Donat amepokea. Siku kampuni ilipotangaza kwamba mama mzazi wa Directeur amefariki, Donat aliandika: "Bien reçu, merci. Tuendelee vile vile." Mnacheka? Directeur hakucheka.

Barua ambazo hakuzifungua kabisa zilikuwa elfu kumi na moja, mia sita na nne.

Si kwamba alikosa msaada. Adolphine, katibu wa ofisi, aliwakusanya wakubwa wote asubuhi moja ili awafundishe kuutumia vizuri ule mfumo wa barua. Donat alikaa dakika kumi, akasimama.

"Adolphine, mwanangu, mimi nilianza kazi hapa weye uko unavaa uniforme ya shule. Leo unifundishe kufungua barua?"

"Papa Donat, hapana kufungua. Kupanga."

"Nimepanga mambo mengi kuliko hiyo."

Akatoka. Katika zile dakika kumi alikuwa ameokota jambo moja tu: kwamba mtu akienda likizo, anaweza kuandika ujumbe unaojijibu wenyewe. Hilo lilimpendeza sana, kwa sababu lilisikika kama jambo la wakubwa.

Sasa sikilizeni mkosi ulivyokuja. Keren alikuwa na mchumba, Hénoc, fundi wa umeme katika mgodi mmoja kule Kolwezi. Baba yake Hénoc, Mzee Mutale, alikuwa mwalimu aliyestaafu, mtu wa Pweto kule ziwani, mwenye heshima na mwandiko wa kunyooka. Alipoomba njia ya kuwasiliana na baba wa binti, Donat hakumpa namba ya simu. Alimpa anwani ya kazini. "Aniandikie ku adresse officielle," alimwambia Hénoc, kifua mbele. Na Mzee Mutale aliwakataza vijana kulitia mdomo jambo hilo. Hii ni habari ya wazazi, alisema, wazazi wataandikiana.

Akaandika barua ya kwanza. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya. Barua ya tatu ilisema hivi: kwa kuwa hamjakataa, tunaelewa mmekubali, basi Jumamosi tutafika Lubumbashi kujitambulisha, mtatukuta kwenye kituo cha basi saa nne ya asubuhi.

Barua hiyo iliingia Donat akiwa ameanza likizo wiki hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kuandika ule ujumbe wake wa kujijibu, na kwa kuwa aliogopa Adolphine asije akakikalia kiti chake, hakuweka namba ya Adolphine. Aliandika: "Barua yako imefika. Sipatikani. Ninaomba usisisitize. Kwa jambo la haraka, piga simu kwa Madame Germaine." Chini yake akaweka namba ya mke wake, bila kumwambia mke wake.

Maskini Germaine! Alikuwa fundi cherehani, na kuanzia Jumatatu simu yake haikupumzika. Huyu anauliza saruji yake imekwama wapi, yule anataka hati za forodha. Siku mbili za kwanza aliwajibu kwa adabu. Siku ya tatu alisahau adabu. Ilipofika Jumamosi, alikuwa amekaa barazani akishona magauni ya kwaya, pini mdomoni, simu begani.

"Allô, Mama Germaine?" sauti ya mwanamke ilisema. "Ni siye ba Pweto. Tulisha kufika na mizigo yetu, tunangoja hapa tangu saa ine."

"Mizigo yenu ingoje!" Germaine akafoka. "Chef iko mu congé. Mimi hapana camion!"

Akakata simu, akidhani ni wateja wengine wa malori.

Ndugu zangu, mwanamke yule alikuwa Mama Mapalo, mke wa Mzee Mutale. Alikaa juu ya kikapu cha samaki wakavu kutoka Ziwa Mweru, akiwa amevaa kitenge kipya, na shemeji zake wawili nyuma yake. Namba ya Germaine waliitoa katika jibu la barua ya tatu, ambalo mzee alikuwa amelifungua hapo kituoni tu, mtandao uliposhika simu yake. Alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Anaomba tusisisitize," alisema polepole. "Basi hatutasisitiza. Kateni tikiti za kurudi."

Wakati huo, hatua tatu kutoka kwa mke wake, Donat alikuwa kwenye kiti cha uvivu akiwajibu watu mia moja na arobaini kuhusu tangazo la funguo zilizopotea.

Saa nane Keren alitoka chumbani akilia. Hénoc alikuwa ametoka zamu na kukuta ujumbe wa baba yake: ndoa hakuna, tumefukuzwa kituoni kama wezi.

"Baba, ulibaambia basisisitize?" Keren aliuliza. "Na weye mama, ulisema bangoje camion?"

Germaine akatoa pini mdomoni. Akaisukuma cherehani kando.

"Simama," Germaine alisema. "Vaa viatu."

Wakapanda taksi wote watatu. Bahati yao ni kwamba basi la Pweto huondoka likijaa, si saa ikifika. Wazee walikuwa wamekwisha kuketi ndani, na vikapu vimefungwa juu. Donat akapanda ngazi za basi huku jasho likimtoka.

"Papa Mutale, nakuapia, sikuona barua hata moja!"

"Nilituma tatu," mzee alisema bila kugeuza shingo. "Nionyeshe."

Donat akatoa simu, akaanza kusukuma kwa kidole gumba. Akasukuma wiki iliyopita, akasukuma mwezi uliopita. Abiria wakaanza kunong'ona. Dereva akawasha injini. Donat akampigia Adolphine, na safari hii hakumwita mwanangu.

"Madame Adolphine, nisaidie. Natafuta barua."

"Juu kabisa kuko fasi ya kutafuta, Papa. Andika jina ya muntu."

Akaandika "Mutale". Barua tatu zikatokea papo hapo, zimepangana. Mzee akavaa miwani, akasogeza simu karibu na pua. Majina ya barua yalikuwa bado meusi mazito, kama yanavyokuwa kabla barua haijafunguliwa.

"Hazikusomwa," akasema. "Zote tatu. Na hii namba hapa, elfu kumi na moja, ni nini?"

"Ni zile zingine, Papa," Donat alinong'ona.

Basi zima likaangua kicheko. Mama Mapalo alikuwa wa mwisho kujizuia, naye akashindwa. Lakini mzee hakucheka.

"Nilizani ni dharau," alisema. "Dharau ningerudi nayo Pweto. Hii ni uvivu wa kujifunza, na uvivu wa kujifunza ndiyo kazi niliyopigana nayo miaka makumi tatu na ine." Akasimama. "Shusheni vikapu."

Chakula kilikuwa kitamu siku ile, ingawa Germaine aliomba radhi kila alipoongeza mboga. Mzee alikubali kuzungumza habari za ndoa kwa sharti moja: tarehe ataipanga kwa barua, na Donat ajibu siku hiyohiyo.

Jumatatu, likizo ikiwa haijaisha, Donat alikaa kando ya Adolphine akiwa na daftari na kalamu. Alijifunza kufungua mafaili, moja la wateja, moja la madereva, moja la familia. Alijifunza kuuamuru mfumo utenge matangazo wenyewe, na kuitia alama barua inayodai jibu. Alifuta ujumbe wake wa likizo, akaandika mwingine wa upole, wenye tarehe ya kurudi na namba ya Adolphine. Kuhusu kitufe cha kuwajibu wote, Adolphine hakumfundisha kitu. Alimtazama tu.

Ijumaa barua ya Pweto ilifika, na kabla ya saa sita Donat alikuwa amejibu, aya nne, kwa mtu mmoja peke yake. Kesho yake ikarudi. Mzee Mutale alikuwa ameichapa, akaisahihisha kwa wino mwekundu, akaituma picha yake: makosa tisa ya herufi, na chini, alama kumi na tatu juu ya ishirini. "Inatosha kupita," aliandika. "Tutafika mwezi wa sita."

Donat akaichapa barua hiyo. Keren aliiweka ndani ya Biblia yake.

FUNZO

Chombo cha kazi usichokijua hukufanya mtumwa wake, hata kama wewe ni mkubwa wa ofisi. Anayejibu kila kitu bila kusoma hajamjibu mtu yeyote. Tenga saa ya barua na saa ya chakula. Kabla ya kuweka namba ya mke wako kwenye ujumbe, muulize. Na mdogo wako akitaka kukufundisha, keti chini, hata kama kwa asubuhi moja, kwa maana nyuma ya kila barua iliyozikwa kwenye rundo lako kuna mtu amekaa juu ya mzigo wake, anakungoja.