Nani Amemaliza Betri ya Furukombe?

Sogeeni karibu, mnisaidie kuamua. Hivi hii ni haki kweli?

Nyangeta anaishi na Mama na Baba ndani ya Furukombe. Furukombe ni mashua yao ya tanga, huko ziwani Ukerewe.

Juu ya kitanda cha Nyangeta kuna taa ndogo. Taa ikiwaka, Nyangeta haogopi kitu.

Asubuhi moja Baba alibonyeza swichi ya redio. Tik! Kimya.

Akabonyeza swichi ya taa. Tik! Haikuwaka.

"Betri imeisha!" Baba alifoka. "Ni wewe, Nyangeta! Unalala na taa!"

"Si mimi! Nakataa! Si mimi!"

Baba hakusikiliza. Aling'oa ile taa ndogo, akaitia mfukoni. Mfukoni! Taa ya mwenzake!

Nyangeta alikasirika mpaka masikio yakapata moto. Di! Di! Di! Alipiga miguu chini.

Baba akakagua nyaya. Zimekaza. Akakagua maji ya betri. Yapo.

"Unaona? Hakuna kilichoharibika. Ni taa yako tu."

"Si mimi! Nakataa! Si mimi!"

Nyangeta akamwendea Mama. "Mama, betri inakula nini?"

"Inakula jua, mwanangu. Sola iko juu ya paa. Inailisha kwa waya huu."

Nyangeta akaufuata waya kwa kidole. Waya ukapanda, naye akapanda. Waya ukafika paani, naye akafika.

Hee! Sola haionekani! Imejaa dagaa. Dagaa huku, dagaa kule, wamelala wanaota jua.

"Nani ameanika dagaa juu ya sola?"

Baba akakuna kichwa. "Ni... ni mimi. Tangu juzi. Pana joto zuri pale, wanakauka upesi."

"Dagaa wanakula jua! Betri inalala njaa! Halafu nasemwa mimi!"

Mama akamtazama Baba. Akamtazama tu.

Baba akazoa dagaa wote. Nyangeta akafuta magamba. Fyu, fyu, fyu! Sola ikang'aa.

Jua likawaka mchana kutwa. Jioni Baba akabonyeza swichi. Tik! Redio ikaimba.

Wakati wa kulala, Baba akairudisha taa ndogo mahali pake. Kisha akapiga goti.

"Nilikusingizia, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba. Lakini bado nina hasira."

"Kasirika tu, ni haki yako. Mimi nitakaa hapa."

Baba akakaa sakafuni mpaka Nyangeta akasinzia. Na taa je? Hakuthubutu kuizima.