Blugamu Kando ya Chemchemi

Asubuhi hiyo Sally alimaliza kukamua, akaangalia ndoo. Maziwa hayakufika hata nusu.

"Baba Fancy," aliita, "hebu njoo uone maajabu."

Kipruto, mumewe, alikuja na kikapu cha majani chai mgongoni. "Si umwongeze nyasi?"

"Nyasi anazo. Maji ndiyo hana! Kwani ng'ombe ni posho mill, unatia mahindi huku, unga unatoka kule?"

Sally alikuwa na haki ya kukasirika. Chemchemi ya kijiji chetu, huku upande wa Sosiot, ilikuwa imebaki kudondoka tone tone. Wanawake walipanga mitungi foleni tangu alfajiri. Waliochoka kungoja waliteremka mpaka mtoni, kisha wakapanda mlima na mzigo mgongoni.

Tena kulikuwa na jambo lingine lililomuuma. Binti yao, Fancy, alikuwa amepata mchumba. Wakwe walitaka kuja kwa koito, ile siku familia mbili huketi kukubaliana mahari. Kwetu Wakipsigis, mgeni wa koito hupewa mursik, maziwa yaliyochachushwa ndani ya kibuyu. Kibuyu cha Sally kilining'inia ukutani, kitupu.

"Wakwe zangu hawatakunywa maziwa ya pakiti katika nyumba hii," alisema. "Aibu hiyo siiwezi. Heri wangoje."

"Tulia, mama. Ombi letu liko kaunti."

Kipruto ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima. Tulisikia kaunti ina ruzuku, yaani pesa za kusaidia vijiji kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tukaomba matangi ya plastiki, kila mwanachama moja. Hata tulishagombana nani apate jeusi na nani apate la buluu.

Wiki hiyo jibu lilikuja. Tumekataliwa.

"Nilijua!" Kipruto alifoka. "Pesa hizo zina wenyewe."

Sally hakubishana naye. Alijifunga leso, akaenda sokoni kwa Loice, ambaye sisi humwita Mama Calvince. Loice huuza dagaa wa omena na mboga. Alizaliwa kule ziwani, akaja hapa na mumewe aliyeajiriwa kiwandani, na sasa Kikipsigis chake ni chepesi kuliko cha watoto wetu. Tulimchagua kwenye kamati ya tabianchi ya wadi kwa sababu haogopi mtu.

Jioni Loice alifika kwao.

"Chamgei, Baba Fancy."

"Chamgei mising. Umekuja kutupa pole?"

"Nimekuja kuwaambia ukweli. Matangi yale yangekuwa ya nani?"

"Ya wanachama."

"Na mama Chepngeno, anayetembea kwa mkongojo? Si mwanachama. Yeye hanywi maji?"

Kipruto alivuta kigoda, akaketi.

"Ruzuku hii ni ya kijiji kizima," Loice aliendelea. "Kwanza mnaita baraza. Wote waje: wanawake, vijana, wazee, walemavu. Mnakubaliana shida kubwa ni gani. Kamati inapeleka ombi kaunti, na mafundi wanakuja kukagua. Na pesa hamtapewa mkononi. Kaunti inalipa mkandarasi, nyinyi mnasimamia kazi."

"Lakini shida yetu ni maji, na maji tuliomba!"

"Mliomba tangi. Maji ya kulijaza yatatoka wapi? Twende tuone chemchemi."

Tulishuka wote. Loice alisimama kando ya kile kidimbwi cha matope, akatazama juu, kwenye ile mikaratusi iliyouzunguka ukingo.

"Blugamu hizi ni za nani?"

Kila mtu akamgeukia Kipruto. Kipruto akakohoa. "Zangu. Kiwanda cha chai hununua kuni. Na hapa karibu na maji zinakua haraka sana," alisema kwa fahari.

"Zinakua haraka kwa sababu zinakunywa maji yenu."

"Haiya! Miaka yote tunaambiwa tupande miti. Mimi nimepanda, leo nina makosa?"

"Kupanda si kosa. Kosa ni mahali. Blugamu ipande mbali na maji, hutakuwa na shida nayo. Hapa ni kama mgeni anayekula mpaka mbegu. Mvua yenyewe siku hizi haina ratiba, na hiyo hatuwezi kuibadilisha. Miti hii tunaweza."

"Hizo nimeweka za harusi ya Fancy!"

Sally alishindwa kuvumilia. Machozi yalimtoka. "Mimi nabeba mitungi mpaka kifua kinauma, kumbe miti yako ndiyo inakunywa! Sasa siku ya koito tuwape wakwe kuni wanywe?"

Watu walicheka. Kipruto hakucheka. Alipanda nyumbani peke yake.

Kulipokucha tulisikia msumeno wa petroli. Kipruto alikuwa ameuleta mwenyewe. Blugamu zilikuwa bado nyembamba, na kiwanda kilinunua kwa bei ya chini. Alilalamika wee, lakini alikata zote.

Kisha tukaita baraza. Mama Chepngeno alitaka njia ambayo mkongojo hautateleza. Vijana walitaka birika la ng'ombe liwe mbali na maji ya watu. Tukakubaliana: chemchemi ijengewe na kutiwa bomba, izungushiwe ua, na mianzi na miti ya kienyeji ipandwe. Kipruto alitia sahihi kwamba sehemu ile ya shamba lake ni ya kijiji.

Ilichukua muda, na wengine walikata tamaa. Lakini safari hii ombi lilikubaliwa. Kazi ilipoanza, tulichagua watu wa kuikagua. Siku moja mkandarasi alileta mchanga wenye udongo. Sally akaukataa, na lori likaurudisha.

Visiki vya blugamu vilichipua, na kila mara Kipruto alivishukia na panga. Mvua za masika zilipopita, maji yaliongezeka kidogo kidogo, mpaka yakatoka kwenye bomba bila kukatika. Ng'ombe wa Sally alikunywa akatosheka, na kibuyu kikajaa tena.

Wakwe walikuwa wamengoja. Siku ya koito, mzee wao alipokea kikombe cha mursik, akanywa mpaka chini, akapangusa midomo.

"Weee! Maziwa haya ni ya ng'ombe gani?"

Kipruto angeweza kumsifu ng'ombe wake. Alimtazama Sally kwanza.

"Ni ya blugamu nilizokata," alisema.

Mzee hakuelewa. Sally alielewa, akachukua kibuyu na kumjazia kikombe tena.