Siku Niliyosema Ni Mama Mdogo

Niliamka uso unawaka moto!

Si kwa kusema tu, jamani. Moto wa kweli. Nilikuwa nimelala mchana na homa, kanga imenifunika macho, mara kitu kinachemka kinanitiririka shavuni... kinaingia jicho la kushoto!

Nilipiga ukelele hadi kuku wakatimka uani.

Nikaivuta ile kanga. Kwa jicho moja lililosalimika nikamwona mtu kaniinamia, kitambaa mkononi.

Mastura. Mke wa baba yangu.

Majirani wakajaa chumbani. Baba akaingia mbio kutoka kwenye karakana yake ya useremala, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Nani kamfanya hivi mwanangu?"

Nikanyoosha kidole.

"Mama mdogo! Mama mdogo kaniunguza!"

Mastura akafungua mdomo... akaufunga.

Jioni ileile, tuliporudi kutoka zahanati, baba hakumngoja Mastura hata aingie ndani. Alimwacha palepale mlangoni, watu wanasikia.

"Mastura, huna kwangu. Nimekuacha. Enda kwenu!"

Akafunga mzigo wake, akaondoka. Mtu mmoja nje, niliambiwa, akamtemea mate miguuni. Mie nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nasema ukweli wangu wote leo.

Naitwa Mwatumu. Nina miaka themanini, na simu hii kaninunulia mjukuu. Wengi mmezoea kuja kwenye ukurasa wangu kucheka. Leo sina kichekesho.

Ilikuwa Kigombe, mwaka 1953. Nilikuwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa amefariki, nikawa nalelewa na Bibi Mwanamkasi, mama yake baba. Nililala kitanda chake, nilikula sahani yake. Baba, Idarusi, alipomwoa Mastura, Bibi hakunikataza kumpenda. Mwenyewe tu sikutaka.

Akinipikia, nasema nimeshiba.

Akinisuka, nafumua.

Basi nikatoka vipele. Vidogo, vyeupe, vinang'aa, kila kimoja kina kitobo katikati. Haviumi. Haviwashi sana. Vilianza shingoni, vikashuka tumboni, vikapanda shavuni hadi chini ya jicho. Bibi akaviita chunjua. Akanipaka mwarobaini, akanipaka majivu, akanisomea. Wapi! Mwezi ukapita, ikafika miezi minane.

Mastura ndiye aliyenipeleka zahanati ya shamba la mkonge. Pale palikuwa na dresa mmoja, mganga msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, mtu wa milimani, Zebedayo.

Akanitazama kwa makini, akacheka kidogo.

"Mwache tu, mama. Hivi havina neno. Watoto wanaambukizana wakicheza. Vitaondoka vyenyewe."

"Lini, bwana dresa?"

"Labda mwaka. Labda zaidi. Asijikune, na asitumie taulo moja na wenzake. Na msimpake kitu kikali!"

Mastura akarudi akayasema yaleyale nyumbani. Bibi akamtazama juu hadi chini.

"Mwaka mzima? Angekuwa wa kumzaa wewe ungengoja mwaka?"

Kijijini wakasema hivyohivyo. Mama wa kambo, atajali nini!

Kisha likaja neno baya zaidi. Chuoni, tunakosoma Kurani, msichana mmoja akahamisha jamvi lake.

"Msikae na Mwatumu. Ana ukoma!"

Wakahama wote. Mwalimu akaniambia nikae nyumbani kwanza. Siku ya tatu jirani akaja kumnong'oneza Bibi kwamba wenye ukoma wanachukuliwa, wanapelekwa kambini kwao, hawarudi.

Bibi hakula siku ile. Alinishika mkono kutwa nzima, kana kwamba gari limeshasimama mlangoni.

Kesho yake ndiyo niliungua.

Yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho. Mnaoijua korosho mnayajua yale mafuta, yanababua ngozi hata yakiwa baridi. Yale yalikuwa yamechemshwa.

Jicho la kushoto halikuona tena. Shavu likabaki na kovu, mnaliona kwenye picha zangu.

Na vile vipele vya shingoni na tumboni, ambavyo hakuna aliyevigusa?

Miezi mitano baadaye viliondoka vyenyewe. Havikuacha hata alama!

Nikakua kwa Bibi. Alinipenda kwa namna ambayo hata watu walishangaa. Kipande cha samaki kikiwa kimoja, changu. Nikilia, analia na yeye. Na kila nilipomlaani Mastura, Bibi alikuwa akinyanyuka kwenda uani. Nilidhani anaona uchungu kwa ajili yangu.

Mwaka 1959, nina miaka kumi na minne, nilikwenda Pangani kwenye harusi ya shangazi yangu. Homa ikanishika kule, nikapelekwa hospitali.

Nani namkuta anagawa dawa? Zebedayo! Ndevu zimeanza mvi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akanikazia macho. "Wewe si yule mtoto wa Kigombe? Wa korosho?"

"Ndiye mimi."

"Maskini. Na bibi yako, vidole vyake vilipona vizuri?"

"Vidole gani?"

Akaacha kuhesabu vidonge.

"Alikuja kwangu peke yake siku ya pili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimebabuka. Nilivifunga mimi mwenyewe. Alilia sana, mwanangu. Akasema, nilitaka kumtoa chunjua wasije wakamchukua, nimemtoa jicho... Kwenu hamjui?"

Jamani...

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya hospitali.

Siku zile mie nilikuwa nimefungwa macho yote mawili. Vidole vya Bibi ningevionea wapi? Na nilipofunguliwa, kovu la mkono wa mpishi nani analiuliza?

Homa ilipopoa sikurudi Kigombe. Nikavuka mto kwenda ng'ambo, Bweni, nikauliza njia ya Mwera, kwao Mastura, nikauliza nyumba ya Mastura binti Shekhe.

Mwanamke niliyemuuliza akaguna.

"Yule aliyemuunguza mtoto? Anakaa kwa kaka yake, kule mwisho."

Kumbe hadithi ilimtangulia hadi kwao!

Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Amekonda. Alinitazama kovu kwanza, ndipo akanitazama mie.

"Mwatumu. Umekuwa mkubwa."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Karibu kitako."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima. Likatoka moja tu.

"Kwa nini hukusema?"

Hakuacha kusuka.

"Ulishasema wewe."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akanieleza polepole. Alikuwa uani, akasikia ukelele. Alipoingia, Bibi anatoka mbio kutafuta maji. Yeye akachukua kitambaa, akaanza kunifuta. Ndipo nilipofungua jicho.

"Bibi yako alirudi na kata ya maji, akasikia unanitaja mimi. Nilimtazama. Maji yote yalikuwa yamemwagika miguuni pake. Nikajiuliza, huyu mtoto mama yake kafa. Nikimwondolea na bibi, atabaki na nani?"

"Ningebaki na wewe!"

Akatabasamu kidogo, bila furaha.

"Wewe hukuwa unanipenda, Mwatumu."

Wakati huohuo kitoto cha kaka yake kikatoka ndani, kinatambaa kumwendea. Kimebakiza hatua mbili tu kumfikia...

"Njoo huku! Haraka!" Wifi yake akatokea mlangoni, akakinyakua.

Mastura hakuinua hata uso. Alishazoea. Miaka sita hakuna mwanamume aliyemposa, hakuna mama aliyemwachia mtoto amshikie hata dakika moja.

"Nitamwambia baba," nikasema. "Nitamwambia kila mtu!"

"Bibi yako akiwa hai, usiseme. Nimeshalipa mimi. Ukisema sasa, tutakuwa tumeumia wawili kwa jambo moja. Niahidi."

Nikamwahidi.

Nikarudi Kigombe. Bibi alikuwa mlangoni, ananingoja tangu asubuhi.

"Umepona, mjukuu wangu? Umekula?"

Akanishika shavu lenye kovu. Mara ya kwanza katika maisha yangu nikautazama mkono ule vizuri. Vidole vitatu, ngozi imekakamaa, imekunjamana.

Nikasema, "Sijala, Bibi."

Akaniwekea chakula.

Mastura alifariki miaka miwili baadaye, kwao Mwera. Habari ilinifikia ameshazikwa. Bibi alipoambiwa, alijifungia siku nzima. Nami sikumuuliza. Aliishi baada yake miaka tisa, akafa akiwa amenishika mkono.

Siku ile ahadi yangu iliisha, jamani. Ningeweza kusema.

Sikusema! Baba akazeeka, akafa, hajui. Mtadhani nilikuwa namlinda Bibi. Uongo. Nilikuwa najilinda mwenyewe, maana nikisema kwamba Mastura hakunichoma, lazima mtu aulize: sasa nani alimtaja?

Juzi kitukuu changu katoka vipele vilevile. Mama yake alikuwa ameshashika maji ya betri, eti kaelekezwa kwenye komenti! Nilimnyang'anya nikayamwaga. Hospitali wakasema maneno ya Zebedayo, miaka sabini baadaye: havina neno, mwacheni, vitaondoka.

Wanangu, mpelekeni mtoto akaangaliwe, na mkiambiwa ngojeni, ngojeni. Na kabla hujanyoosha kidole, hakikisha uliona. Mie niliona kitambaa tu.

Kama unasoma hapa na kwenu ni Mwera, na uliwahi kusikia katika ukoo wenu kuna bibi aliyemuunguza mtoto wa kambo, anaitwa Mastura binti Shekhe, waambie nyumbani leo.

Hakuniunguza. Alikuwa ananifuta.