Nikeli Iliyovutwa na Sumaku

Walikumbana kwenye ngazi za chuo, madarasa yakitoka, watu wakisukumana. Kijana aliinua juu kichupa cha unga wa kijani.

"Dada, taratibu! Humu mna mwaka wangu mzima."

"Basi kishike vizuri, acha maringo," alijibu binti wa gauni la njano, huku akicheka.

Binti alikuwa mpimaji katika maabara ya sumaku. Kijana, mwanafunzi wa uzamivu aliyetengeneza michanganyiko ya nikeli. Haukupita muda wakawa wanaitana "mpenzi" kwenye simu hadi chaji inaisha.

"Nipimie unga wangu, roho yangu. Ijumaa naitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa. Nimeandika kwamba umbo la atomu zake ni bapa."

Binti akaupima kwenye mizani ya sumaku. Atomu nne zinazoizunguka nikeli zikikaa bapa kama mraba, elektroni zote huwa mbili mbili na sumaku haiuvuti unga. Zikikaa kama piramidi, elektroni mbili hubaki bila wenza, na sumaku huuvuta. Unga huu ulivutwa. Akarudia, ukavutwa tena.

Ijumaa akampigia kijana simu asubuhi nzima. Imezimwa. Alipoingia ukumbini akihema, kijana alikuwa amekwishachora mraba ubaoni.

"Binti, mizani imesemaje?" aliuliza profesa.

Akajibu: "Unavutwa. Si bapa."

Kwenye korido kijana alifoka, "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nilikupigia! Ulizima simu!"

"Ungenyamaza."

"Nidanganye?"

Kijana akaondoka bila kuaga. Tangu hapo binti akawa haketi, hatulii. Simu ikilia kwa jirani, yeye anaruka. Kijana naye alizunguka sebuleni kwa dada yake mpaka dada akachoka.

"Anayekwambia kweli hadharani hatakusengenya faraghani. Kampigie, unanimalizia zulia!"

Akapiga.

"Usikate."

"Sijakata. Sema."

"Nimetengeneza upya, nikapima mwenyewe. Ni piramidi. Naanza upya karibu kila kitu."

"Pole, mpenzi."

"Nilizima simu makusudi. Nilihisi utaniambia nini, nikaogopa."

Binti akajibu kwa sauti ndogo: "Mwoga mkubwa wewe. Uko wapi?"

"Mlangoni kwenu."

Alishuka mbio, ndala mguu mmoja. Kijana alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa.

"Sina shahada, sina kazi, na shati hili la shemeji. Utakubali nikuoe hivi hivi?"

Binti alimtazama, machozi yakimlenga.

"Nakubali. Ila mama yuko ndani, na amekukasirikia kuliko mimi. Ingia ukaanze naye."